Jina Juu ya Jiwe la Babu

Msambweni, Jumatatu

Kaka Amin,

Shikamoo. Natumai uko salama huko Maskati. Sisi hatujambo. Twaiba amejifungua mtoto wa kike, na mihogo imezaa vizuri ingawa ngedere wanatusumbua. Mama amepunguza kula, lakini haumwi.

Shamba la babu limepata mwenyewe mwingine, mtu wa hoteli mwenye hati. Afisa wa ardhi alikuja kutusikiliza, akasema, "Nionyesheni kaburi lenye jina, nami nitaandika kwamba mlikuwa hapa kabla yake. Nitarudi kesho."

Wajua makaburi yetu hayaandikwi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Nikaona uchungu babu apoteze shamba kwa kukosa herufi. Alfajiri nikachukua rangi ya mashua ya Abdurahman, nikaandika jina la babu na mwaka aliozikwa juu ya jiwe la kichwani.

Saa nne afisa akafika, akainama, akagusa jiwe. Kidole chake kikatoka cheusi. Akamgeukia mama, akamwambia kwa upole, "Mama, hata kaburi mmetengeneza?"

Afisa akaandika kwamba pale hapana kaburi.

Mama hajanilaumu, kaka, na hilo ndilo linaloniua. Kila asubuhi naenda na maji na mchanga kulisugua lile jiwe, naye hukaa kando akinitazama. Rangi iliyotoka kwa kidole kimoja cha afisa, leo siku ya tisa, haitoki.

Nduguyo asiyejua akuambie nini zaidi,
Mwanarusi