Magaga ya Mke wa Karani

Baba Seth,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Maji ya moto yamo chunguni. Yaache yapoe kidogo, tia chumvi, uloweke miguu mpaka ngozi ilainike. Kausha vizuri katikati ya vidole, maana kwa joto hili hapo ndipo panapoanza kuoza. Kisha jipake mafuta ya nyonyo. Funza wa kidole gumba usimguse! Nitamtoa mwenyewe kwa mwiba.

Tangu Mdachi wa reli akupe viatu, huvivui hata jua likiwaka. Leo asubuhi umemwambia shemeji, nami nasikia, kwamba magaga yangu yanamwaibisha karani, nisikanyage harusini kwa mdogo wangu Loisi. Haya. Magaga haya ni ya njia ya kisimani, mume wangu. Hayo maji unayolowekea miguu yameletwa na visigino hivi hivi.

~~Sirudi mpaka uniombe radhi.~~ Nimetangulia harusini Nkuhungu.

Njoo jioni na makubadhi yako ya ngozi, miguu ipate hewa. Viatu ulivyovua ulipojilaza usivitafute uvunguni, nimevivaa mimi. Vinanipwaya, lakini magaga hayaonekani kabisa.

Mama Seth