Kioo cha Mbele cha Gari la Mama Yako

Tarehe 4 Februari

Kwa binti yangu kitindamimba,

Salamu nyingi sana. Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Nimewazika matajiri wawili walioniajiri, gereji tatu nilizofanyia kazi zimefungwa nikiziona, na meno yangu yote isipokuwa manne yametangulia. Nakwambia haya mwanzo ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa na wakala wa bima. Hali zetu nzuri. Mama yako mkono wa kulia bado mzito tangu kile kiharusi, ila mguu unaanza kumtii, juzi alitoka kitandani hadi mlangoni akishika ukuta tu. Wewe hujambo? Kazi huko inakwendaje? Unakula?

Sasa. Bima ya gari inaisha mwisho wa mwezi. Nimekwenda kwa wakala, mwanamke mwenye miwani, akaniuliza kama nataka kuongeza bima ya kioo cha mbele, eti hii tuliyonayo haigusi kioo. Nikacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. Nikamwambia, mama, mimi nimetia vioo vya mbele miaka arobaini na moja. Malori, mabasi, hata gari la hakimu. Unavalisha kioo mpira, unapitisha kamba ndani ya mpira, unapaka maji ya sabuni, mwenzako anasukuma kwa nje na wewe unavuta kamba kwa ndani polepole, kioo kinakaa kama kimezaliwa pale. Hakuna kioo changu kilichowahi kuvuja. Mtu kama mimi kulipia bima ya kioo ni sawa na fundi cherehani kumlipa mtu amshonee kifungo.

Kwa hiyo nimekataa. Nakuarifu tu, sikuulizi.

Ni mimi,
Baba yako

Tarehe 19 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, tena nimenenepa. Barua yako niliisomea kazini wakati wa chakula, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Pale pa mguu wa Mama nimeparudia mara tatu. Nashukuru sana.

Habari ya kioo. Ufundi wako sibishani nao, nimekua nikinusa mpira na sabuni kwenye shati lako. Lakini gari hili halina mpira, Baba. Kioo chake kimebandikwa kwa gundi, na bei yake si ya vile vya zamani. Bima ya kioo kwa mwaka mzima haifiki hata sehemu ya kumi ya kioo kimoja. Halafu barabara ya hospitali inatengenezwa, malori ya kokoto yanapita kutwa. Gari lingekuwa linalala tu uani nisingesema kitu, ila linampeleka Mama mazoezini kila Jumanne. Daktari alisema akiyaruka mguu utagoma upya, na kwenye basi hawezi kupanda. Ndiyo hofu yangu. Kioo chenyewe hakinisumbui.

Sitaamua juu ya kichwa chako. Ila umemuuliza Mama? Kadi ya gari ina jina lake.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, nafurahi umenenepa.

Mama yako nimuulize nini? Mama yako anajua cherehani. Gari ni lake kwenye kadi, barabarani ni langu. Tulikwenda wote kwa wakala tarehe ishirini na saba, yeye akabaki garini kwa sababu ya ngazi, mimi nikaingia nikatia sahihi bima ile ile ya zamani, kwisha. Nilikawia kidogo kutoka kwa sababu mlinzi alitaka kujua lile gari la hakimu lilikuwaje, nikamweleza.

Na kokoto usinitishe. Mimi siyafuati malori. Lori likiwa mbele naliacha liende mpaka liwe dogo kama kiberiti.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu sana. Lori halikuwa mbele. Lilikuwa linakuja. Hilo niliandike kwanza.

Kokoto moja, ndogo kama jino, iligonga upande wangu na ufa ukatembea mpaka upande wa Mama yako. Hakuna aliyeumia. Mama yako akatoa simu akapiga picha. Nikamuuliza ya nini, akasema ya kumbukumbu.

Usihangaike. Nimepata kioo kizima cha gari kama letu kwa wauza vipuri vya magari yaliyogongwa, na gundi nimenunua. Jumatatu nakitia mwenyewe, Jumanne tuko hospitali. Halafu utaniambia nani alihitaji bima.

Baba yako, fundi

Tarehe 27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua ya kokoto ilifika, ya kuniambia kioo kimekaa haijafika. Jana nilimpigia muuguzi wa mazoezi kumsalimia, akasema Jumanne ile Mama hakuonekana. Nikampigia Mama. Akasema, "Muulize fundi wako," akakata, lakini nilisikia anacheka.

Sina hasira. Niambie tu.

Mwanao

Tarehe 10 Mei

Kitindamimba wangu,

Salamu. Umeuliza, nakujibu, na barua hii usiwasomee wenzako.

Jumatatu nilikitoa kioo cha zamani vizuri. Nikakwangua gundi, nikapaka mpya. Wa kunishikia upande wa pili sikumwita, nilikinyanyua peke yangu kama kijana. Mikono, mwanangu. Asubuhi kikombe cha chai huwa kinacheza kidogo, nikadhani ni kikombe. Kioo kilipokuwa hewani mikono ikaanza, pembe ikagusa nguzo ya gari, mguso tu, kama mtu anapiga hodi kwa adabu. Nikasikia ule mlio ninaoujua miaka yote. Ufa kutoka pembe hadi pembe.

Nikakaa chini pale uani mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia.

Jumanne nikatafuta gari la kukodi. La kwanza lilikuwa juu, Mama yako akashindwa kupanda. La pili lilipokuja, saa yake hospitalini ilikuwa imepita. Jioni mguu ulikuwa mgumu kama ubao. Nikaukanda kwa maji ya moto, nikamwambia, nisamehe. Akasema, "Droo ya cherehani. Karatasi ya chini kabisa."

Ilikuwa bima ya kioo. Ya tarehe ishirini na saba. Wakati mimi namweleza mlinzi habari za hakimu, yeye alimwita wakala kwenye dirisha la gari, akalipa hela zake alizoweka enzi za kushona, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Sahihi imeyumba kama mlevi lakini ni yake. Na ile picha ya kumbukumbu ilikuwa ya kuwapelekea bima.

Nikamuuliza kwa nini hukusema siku ya kokoto. Akasema, "Ungesema nakuzeesha. Nilitaka mikono yako ikwambie yenyewe. Sikudhani itasubiri mpaka Jumatatu, mkesha wa mazoezi, hapo nimekosea na mimi." Nilikasirika mpaka chakula kikaiva. Baada ya hapo sikuweza kuendelea, kwa sababu nilikuwa nashukuru, na mambo hayo mawili kwa pamoja yananichosha.

Alhamisi bima ikaleta mtia vioo. Kumbe ni yule tuliyemwita Kimya. Unamkumbuka, niliyemfundisha kazi nikamfukuza, kisa alisema mpira utakwisha na gundi ndiyo inakuja. Sasa ana ndevu nyeupe na gari lenye jina lake ubavuni. Nilitaka niingie ndani, akaniwahi: "Shikamoo, fundi." La gundi hakuligusa. Yeye na mwenzake wakanyanyua kioo, akaniomba nisimame mbele niwaangalizie. Nikadhani ananibembeleza. Nikasema kushoto, upana wa uzi. Mwenzake akasema mbona kiko sawa. Kimya akamwambia, "Amesema kushoto." Wakasogeza. Kimya akapima kwa rula, akamwonyesha mwenzake ile rula, basi.

Mikono imekwenda, jicho lipo. Daktari amenipima, hata kuendesha, amesema usukani naushika vizuri, hewani tu ndiko mikono inakocheza. Kimya nimemwomba radhi, tena mwenzake akisikia. Akajibu kwamba siku niliyomfukuza mvua ilikuwa inanyesha na nikampa koti langu, na koti ndilo analolikumbuka. Mimi miaka yote nilijua lile koti liliibiwa.

Mama yako hajakosa Jumanne nyingine. Juzi alitoka garini hadi mlango wa hospitali bila kushika ukuta, maana pale ukuta hakuna. Nakushukuru na wewe, uliniambia mapema nikajifanya kiziwi. Mwakani fomu ikija nitampelekea mwenye gari dirishani, na kalamu juu.

Ukiona naongeza chumvi, muulize Mama yako habari ya droo. Muulize Kimya habari ya upana wa uzi, kama atakubali kufungua mdomo. Na muulize muuguzi, Jumanne iliyopita mvua ilikipiga kioo njia nzima, alipompokea Mama yako mlangoni mwa gari gauni lilikuwa kavu au limelowa.

Ni mimi,
Baba yako