Sinia la Hooyo Limeingia Kwenye Injini

Garissa, Jumatano, Februari 1955

Joto la leo limekaa juu ya mabati kama mgeni aliyekuja kukopa na hataki kuondoka. Tangu asubuhi hakuna upepo. Mto Tana uko karibu lakini siuoni. Ninachoona ni ukuta wa ua, na juu ya ukuta mbingu nyeupe. Garissa yangu ni hiyo tu tangu nilipomaliza shule Mombasa nikarudishwa nyumbani.

Nyumbani tunasema Kisomali, ila hakuna aliyewahi kunifundisha kukiandika, kwa hiyo naandika kwa lugha ya shuleni. Kuna nafuu moja: humu ndani hakuna mwingine awezaye kusoma.

Leo nimekata sinia la Hooyo, mama yangu.

Naandika sentensi hiyo na bado siamini. Lile ni sinia la shaba nyekundu alilopewa na mama yake alipoolewa, linalolisha watu kumi. Limekuja kwa ngamia kutoka Kismayu, na kila Idi lilikuwa likisuguliwa kwa majivu na ndimu hadi unaona uso wako. Sasa kipande chake kirefu, chenye matundu, kimebanwa ndani ya injini ya lori, na mabaki yake yako chini ya kitanda changu kwa sababu sikuweza kuyatupa.

Nianze mwanzo, maana kichwa changu leo kimejaa vyuma.

Baba yangu, Aabo, ana lori moja, na lori hilo ndilo linalotuweka mjini. Mfanyabiashara mmoja wa hapa sokoni anatafuta gari la kubeba ngozi zake hadi Thika kila wiki. Aabo anaitaka kazi hiyo, na Haji Dahir, mwenye lori jekundu, anaitaka pia. Mfanyabiashara anapenda mchezo kuliko maneno. Amesema keshokutwa Ijumaa, baada ya sala, magari mawili yasimame sambamba kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda uwanja wa ndege. Kitambaa kitashushwa. Litakalotoka hapo lilipo na kufika kwanza kwenye mapipa yatakayowekwa mwisho wa barabara, ndilo litakalobeba ngozi.

Aabo akishindwa, atauza lori na tutahamia Bute, mbali kaskazini, kwa ndugu zake wenye ngamia. Amelisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na Aabo si mtu wa kurudia.

Siidharau Bute. Nimefika huko mara moja. Binamu zangu walinipa kamba nimshike ndama wa ngamia, akanikokota mpaka kwenye miiba, wakacheka hadi wakakaa chini. “Mikono ya karani hiyo,” walisema. Lakini kutoka Garissa kuna malori ya kwenda pwani, na mwalimu wangu aliniambia nikipata ruhusa nirudi nisomee ualimu. Kutoka Bute kuna njia ya kwenda kisimani.

Injini yetu ilikuwa imechoka. Ringi za pistoni zimelika, inakunywa mafuta na kutoa moshi wa buluu. Gasketi, lile bamba linalokaa kati ya bloku na kichwa cha injini ili moto usitoroke, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne. Fundi alitaja bei, Aabo akamshukuru na kumsindikiza hadi langoni. Pesa iliyokuwepo ilitosha ringi au gasketi, si vyote viwili.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Aabo ni dereva mzuri kuliko wote ninaowajua, lakini macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, na kitabu cha injini kilichokuja na lori kimeandikwa kwa Kiingereza. Akafunga lango la ua, akaniambia, “Faduma, njoo unisomee.” Siku ya kwanza nilisoma tu. Siku ya pili nilishika taa. Siku ya tatu aliniwekea spana mkononi, akatazama pembeni, kama mtu aliyedondosha kitu na hataki kuulizwa.

Tukapanga. Ringi zinunuliwe, zije na gari la barua. Valvu tuzisage wenyewe kwa mafuta na mchanga wa mtoni, niliouchuja kwenye shashi hadi ukawa kama unga. Milango ya lori, madigadi na ubao wote wa nyuma viondolewe, lipungue uzito. Magunia mawili ya mchanga yawekwe juu ya ekseli ya nyuma, magurudumu yasije yakazunguka bure lori likiondoka. Na gasketi tuikate wenyewe kwa shaba nyembamba kuliko ile ya zamani. Ikiwa nyembamba, nafasi juu ya pistoni inapungua, hewa na petroli vinabanwa zaidi, mlipuko unakuwa mkali. Niliyaeleza haya bila kigugumizi. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza hadi mwingine alitaje.

Ringi zilifika, valvu tukazisaga. Kilichobaki ni shaba. Garissa nzima haina bamba la shaba la ukubwa huo. Aabo alilijua hilo, na mimi nililijua, na sote wawili tukawa tunatazama mlango wa jikoni.

Alimwomba Hooyo Jumatatu.  Jana mchana Mama alipika wali na nyama ya mbuzi, akaupakua kwenye lile sinia, wakati tuko wanne tu pamoja na bibi, Ayeeyo, ambaye hali kitu. Tulikula tukiona kingo zote za shaba zimebaki wazi. Kisha akaliosha, akalikausha kwa ncha ya shuka yake, akalisimamisha mbele ya Aabo.

“Limelisha mara ya mwisho,” alisema. “Lichukue.”

Asubuhi ya leo tuliligonga kingo zake hadi likalala bapa. Niliweka gasketi kuukuu juu yake nikachora kwa msumari. Shaba ni ngumu, kwa hiyo tuliiweka kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, tukaitia kwenye maji. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, lakini shaba inalainika. Nilipenda sana jambo hilo. Nilikaa nikiigusa shaba kwa kidole kama mkate.

Kukata kulikuwa juu yangu. Aabo alikuwa akitoboa matundu ya bolti kwa tindo, pale nilipomwonyesha, nami nilifuata mistari kwa mkasi wa bati. Sehemu ya kutisha ilikuwa ule mkanda mwembamba kati ya silinda ya tatu na ya nne, pale pale palipoungua. Ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukiukata vibaya, hakuna sinia la pili.

Nilikuwa katikati yake sauti ilipotoka nje ya lango. Ilikuwa ya Haji Dahir, tena kwa Kiswahili, ili soko zima lielewe.

“Nur! Wewe Nur! Hiyo gari yako imekufa ama imelala?”

Nilisimamisha mkasi. 

“Imelala,” Aabo alijibu bila kuinuka. “Usipige kelele, itaamka na njaa.”

“Mpe maziwa ya ngamia basi!”

“Imekataa. Imesema inataka kula vumbi yako. Nikaiambia, masikini, vumbi ya Dahir haitakuwepo, sisi tutakuwa mbele.”

Nje watu walicheka. Haji Dahir alicheka pia, nadhani, kisha viatu vyake vikaondoka. Aabo akageuka kwangu akasema polepole, “Kata, Faduma. Hakuna mtu hapa.”

Nikakata. Mkanda ulibaki mzima.

Kuna jambo lazima nilikiri hapa. Nilipomaliza mkanda ule nilianza kukawia. Nilipitisha tupa mahali palipokuwa pameshalainika, nikaipitisha tena. Nilijua bolti ya mwisho ikikazwa, lango litafunguliwa, nami nitarudi ndani. Kwa siku hizi chache ua wetu umekuwa mkubwa. Grisi ilipoingia chini ya kucha zangu nilijihisi nina mahali pa kusimama.

Lakini Ijumaa haingoji mtu. Tulipaka gasketi mafuta pande zote mbili, tukateremsha kichwa, nikamsomea Aabo mpangilio wa kukaza bolti, kutoka katikati kwenda nje, kila moja kidogo kidogo. Nilimwambia pia kitabu kinaonya kwamba petroli yetu ni duni kwa mbano wa namna hii, injini inaweza kugonga na kutoboa pistoni. Turudishe moto wa plagi nyuma kidogo, cheche itoke ikichelewa.  Nilidhani nimevuka mpaka. Kisha akaenda akafanya.

Iliwaka jioni, mara ya tatu ya kuzungushwa kwa mkono. Mabomba ya moshi tumeyakata mafupi, kwa hiyo haikunguruma, ilipasua. Kuku waliruka ukuta. Ayeeyo ndani akaanza kusoma shahada. Aabo alicheka kama mvulana, akanishika bega, akafungua kinywa aseme neno.

Neno lilikuwa, “Sasa ingia ndani. Watu wanakuja kuangalia.”

Nikaingia.

Nilisimama nyuma ya pazia nikiwasikiliza wanaume wakisifu injini. Mmoja aliuliza gasketi imetoka wapi. Aabo akasema, “Nyumbani.” Hakusema uongo. 

Walipoondoka, Hooyo alimpelekea chai. Nilimsikia akisema kwa utulivu kabisa kwamba Ijumaa atakwenda uwanjani. Aabo akasema wanawake hawaendi. Mama akasema, “Sinia langu linakwenda. Niliolewa nalo kabla sijakujua wewe vizuri. Lilipo, nipo.”  Kisha Aabo akasema haya, akae mbali, chini ya kivuli, na dada zake.

Moyo wangu ulipanda hadi kwenye meno. Nilishaanza kufikiria buibui langu liko wapi.

Halafu Ayeeyo alikohoa. Ayeeyo hawezi kuachwa peke yake, hata kwa muda wa sala. Hakuna aliyetaja jina langu. Halikuhitaji kutajwa.

Mama alinikuta jikoni. Hakuniambia pole, nami sikulia. Aliketi kwenye kigoda akasema, “Nifundishe.”

“Nikufundishe nini, Hooyo?”

“Hicho unachokisikia wewe. Mimi nasikia kelele tu.”

Basi nikamfundisha, sufuria ikichemka. Nilitia kokoto kwenye debe nikalitikisa kidogo: hiyo ndiyo injini inayogonga, petroli inaipiga pistoni kabla ya wakati. Nilipuliza kati ya meno, tsu, tsu, tsu: huo ni moto unaopenya gasketi, mkanda wangu umekatika. Nilimwambia ikienda sawa italia kama turubai linalochanika kwa mkupuo mmoja, bila kusita, kisha itashuka sauti mara moja Aabo akibadilisha gia, na kuchanika tena. Hooyo alijaribu zote kwa mdomo. Alipofika kwenye ile ya turubai mate yalimruka, tukacheka hadi Ayeeyo akauliza nani kavamiwa na fisi.

Tulipotulia akasema, “Tena. Ile ya pili.” Tsu, tsu, tsu. Akafumba macho akisikiliza.

Sasa kumepoa kidogo. Ninaandika kwenye mwanga wa mlango, na mkono wangu unanuka shaba hata baada ya sabuni. Lori liko uani, uchi, bila milango, kama mnyama aliyekatwa manyoya. Keshokutwa lango litafunguliwa litoke, kisha litafungwa. Nitampa Ayeeyo maji, nitafukuza nzi, nitatazama ukuta. Uwanja wa ndege uko mbali, sauti haifiki.

Nimejiuliza jioni yote nitawezaje kukaa saa ile bila kupasuka.  Ninajua tu nitakalofanya mama akirudi. Nitamwambia asitamke nani ameshinda. Avue viatu, anywe maji, akae, kisha anilie kwa mdomo wake kama gari lilivyolia, tangu kitambaa kiliposhushwa hadi kwenye mapipa.

Nikishamsikia, nitajua mwenyewe kama tunafungasha.