Matairi Makubwa ya Kaka Mudi

Kaka Mudi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sikuzoea kuanza nawe bila shikamoo, na leo nianze kwa adabu kwa sababu huko mbele itanishinda.

Jipu lako limevishwa matairi makubwa. Yale yale ya kashata, yenye meno marefu, uliyokuwa ukinionyesha kwenye simu wakati nina pini mdomoni na nguo ya mtu kwenye cherehani. Umefurahi? Basi kaa nikueleze furaha yako inavyotutesa hapa Goba.

Aliyeanza ni mtani wako Shija. Unawajua Wanyamwezi, msiba wa Mzaramo kwao ni uwanja wa kuchezea. Siku ya pili ya matanga tumekaa kwenye mikeka, Mama hajala, hajasema neno tangu jeneza lako lilipotoka. Shija akachomoza kutoka ndani amevaa kofia yako na shati lako la mistari. Akavuta mguu wa kushoto kama wewe, akaenda mpaka kwenye jipu, akalipiga tairi teke, kisha akasema kwa sauti yako ile ya puani: "Mama ee, mie naenda zangu, lakini gari langu lisibaki na vitairi vya baiskeli. Livisheni matairi makubwa, watu wa Goba wanikome."

Kaka, ilikuwa wewe kabisa. Watu walicheka mpaka wakalia, na Mama akacheka. Nikamshukuru Shija moyoni, kumbe mwenzangu ananichimbia shimo. Mama alipomaliza kucheka alifuta macho kwa kanga akasema, "Wasia wa mwanangu mmeusikia." Tukadhani naye anatania.

Rafiki yako Rama hakungoja arobaini. Rama, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, ghafla akawa bingwa wa matairi. Alichangisha kijiweni, akateremka na jipu hadi Mabibo kwa mafundi, akarudi nalo limesimama juu kama limeona nyoka. "Sista, sasa hili ni dude," akaniambia. Nikamuuliza kama alipima. Akasema tairi halipimwi, linaonekana kwa macho. Mimi nikikata kitambaa cha mtu kwa macho, nitalala polisi.

Sasa hebu nisikilize, maana humu ndani mwenye leseni nimebaki peke yangu. Usukani haukati kona. Ukiuzungusha nusu tu, tairi la mbele linakwaruza madigadi, kwaruuu, mtaa mzima unageuka. Pale kona ya msikitini nakwenda mbele, narudi nyuma, nakwenda tena mbele, na wazee wamekaa barazani wananihesabia. Mshale wa spidi unasema natambaa kumbe nakimbia, na trafiki hataki kusikia habari za wasia. Mafuta linakunywa kama lina homa. Breki nazikanyaga kwa miguu yote miwili. Nimerudi kwa fundi, akaniambia ama tukate bodi ama tuinue springi ndipo yakae vizuri. Rama akapiga makofi. "Tuliinue," anasema. Liende wapi tena, Rama? Mimi mwenyewe nalipanda kwa kuparamia.

Hayo yote ningeyameza. Ishu ni Mama.

Magoti ya Mama unayajua. Siku ya kliniki yake ya presha nilimwekea kreti la soda chini ya mlango. Akapandisha mguu mmoja ndani, wa pili ukabaki kwenye kreti, hapandi hashuki, mimi nasukuma kwa nyuma, kanga inamtoka, majirani wanasema "pole bibi" badala ya kuja kusaidia. Akashuka. Akasema tutaenda siku nyingine. Kliniki iliyofuata hakujaribu hata kutoka uani. Nikaita bajaji, akairudisha. "Gari la mwanangu lipo hapa, nikapakiwe bajaji kama sina mtu?" Dawa zimekwisha, anameza za kuazima kwa jirani, na akiinuka kitini anashika ukuta.

Kaka, wewe ulianguka bafuni na mswaki mkononi. Ni presha hiyo hiyo. Mimi siko tayari kutandika mikeka ile tena mwaka huu. Nimechoka. Sijui kama unanielewa, nimechoka sana.

Basi nikamwambia Mama kile ninachokijua. Kwamba miaka yote ile ulikwenda kuchagua matairi makubwa ukarudi na saizi ile ile ya zamani. Ukasingizia rangi ya rimu, mara mafuta, mara mvua za masika bado. "Ntaweka, Kisoda, tulia kwanza," ukaniambia kwa lile jina lako la kunitania. Mpaka siku ile ulipoiba futi yangu ya kushonea ukapima kutoka chini hadi kwenye sakafu ya gari, ukaongeza unene wa matairi mapya, kisha ukaenda jikoni ukamwomba Mama apande juu ya mbuzi ya nazi. Alidhani umechanganyikiwa. Alipanda, akayumba, ukamdaka. Papo hapo ukaanza habari za mpira. Futi yangu ukairudisha na grisi, hadi leo haijatoka, na tangu siku ile sikukusikia tena na picha za matairi.

Nilimweleza Mama yote hayo polepole. Akanisikiliza, kisha akasema, "Na msibani si ulimsikia mwenyewe?"

Nikamwambia yule alikuwa Shija.

"Mdomo ulikuwa wa Shija, najua. Mie si mtoto. Lakini sauti ilikuwa ya Mudi. Tangu aanze kazi mwanangu hajaniomba kitu, kila siku yeye wa kuleta. Kaomba mara moja, nimnyime?"

Ungekuwepo ungenisaidia kumjibu, lakini ungekuwepo haya yote yasingekuwepo.

Nikaenda kwa Shija, pale njia panda anapouzia mkaa. Nilimsema mpaka wateja wakasogea pembeni. Nikamwambia mdomo uliotuvisha matairi ndio utakaotuvua. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hajaigiza sauti yako tangu siku ile, na hata kofia ameitundika, haivai. Kisha utani ukamrudia, akadai jogoo, kwamba maiti wa Kizaramo haitwi bure. Nimempa yule mwekundu. Usiniulize.

Jana alasiri akaja. Mama alikuwa uani anachagua mchele. Shija akaingia na kofia yako, anavuta mguu, hakumsalimia mtu. Akalizunguka jipu, akalipiga tairi teke, akainama kuchungulia pale linapokwaruza, akatikisa kichwa kama wewe fundi anapokudanganya. "Mama ee, nguo mliyonivisha nzuri, lakini inanibana kwapani. Nirudishieni zangu za zamani. Na nataka nikuone umekaa siti ya mbele, mie nilinunua gari hili nikupakie wewe."

Mama aliweka ungo chini. Safari hii hakucheka. Akasema, "Si ungesema mapema, baba. Mdogo wako kanipasua kichwa."

Nikajua imekwisha. Nikageuka kwenda kumpigia fundi simu. Nyuma yangu nikasikia, "Wee Kisoda. Mbona hujaniamkia?"

Hilo hatukupatana. Shija rika lako, na mtani, sijawahi kumwamkia maishani mwangu. Nami nilijua fika ni nani amesimama pale, jogoo wa malipo yake nilimkamata kwa mikono yangu.

Matairi yako ya zamani yamerudi leo asubuhi. Usukani unakata mpaka mwisho. Moja la makubwa Mama amekataa lisiondoke, limelazwa karibu na mlango wa jikoni, analikalia akikuna nazi. Kesho ni kliniki, na amekwisha piga pasi baibui lake. Nakuahidi, mwezi kwa mwezi atakaa siti ya mbele, na matairi yakichakaa nitanunua saizi ile ile, nikiwa na futi mkononi. Rama hatakanyaga.

Lala salama, Kaka. Mungu akupe nuru huko uliko. Bado nimekununia, lakini nataka ujue kwamba jana niligeuka, nikaitazama kofia yako, nikasema shikamoo.

Nikaitikiwa marahaba.

Mdogo wako,
Tatu