Bwawa la Tatu Halijai

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Nimeteremka tena mabwawani. La kwanza limejaa, linanuka kama kawaida yake. La pili la kijani. La tatu — matope na vyura! Ile alama nyekundu ya Jeremia kwenye nguzo iko juu kabisa.

Jeremia ndiye fundi aliyetujengea mabwawa haya ya majitaka. Sasa anajenga mengine Nakapanya. Mimi kaniachia kulinda na kufyeka, na agizo moja: maji ya bwawa la tatu yakifika alama, nimpigie. Atakuja kufungua koki ya mwisho, maji yaliyosafika yaende mtoni. Ufunguo wa koki anao mwenyewe. Basi nangoja maji ya chooni kama wenzangu wanavyongoja mvua. Mapenzi haya!

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimejua kwa nini halijai. Nimepita nyumba kwa nyumba. Vyoo vipya vya mradi, vya kuvuta maji — kufuli! Kwa Mzee Gaspari nimeamkia, nimeitikiwa marahaba, ndipo nikauliza. Eti kile cha vigae ni cha wageni. Wenyewe wanakwenda kwenye shimo la zamani, nyuma ya migomba. Kwa Jovina ndani kumejaa mifuko ya mbolea ya tumbaku.

Nimerudi nyumbani nimefura. Kumbe Mama naye ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga! Nikamwambia choo ni cha kutumia. Akasema, na Padre akija akikikuta kimechakaa, aibu ya nani? Nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo. Nimemkumbuka mno Jeremia.

Jumamosi, 2 Novemba

Kapiga. Hupiga kila Jumamosi jioni, akishaoga. Limefika? Bado. Tukahamia mengine — joto la Nakapanya, mama mwenye nyumba anayemsema kwa kuimba. Akauliza kama nayavaa yale mabuti yake aliyoniachia. Navaa! Makubwa, nayajaza matambara. Sikumwambia kwamba nayavaa hata kwenda dukani.

Jumapili, 10 Novemba

Kipaimara! Wageni kutoka Namtumbo, wageni kutoka Songea mjini. Kufuli zote chini. Foleni kila choo, na wenyeji nao wamo, wamepata kisingizio. Mama kaingia, katoka anatabasamu, karudi tena. Watu wanasifu wali, mimi nasikiliza mabomba. Kila wakivuta maji, moyo unaniruka.

Alhamisi, 21 Novemba

Wageni wameondoka, kufuli hazijarudi. Watu wameonja raha. Hata Mzee Gaspari kakiri kwamba kule kwenye shimo kuna baridi na nyoka. Bwawa linapanda! Nimefua gauni la bluu.

Jumamosi, 30 Novemba

Yamefika. Asubuhi maji yaligusa alama, mchana yameimeza. Sikumpigia. Nilitaka aniulize mwenyewe, nimsikie anavyofurahi. Nikasuka nywele, nikasimama juu ya tuta na simu mkononi.

Kapiga. Ana furaha kabla sijasema neno. Nakapanya wamemaliza. Kapata kazi Mtwara, ya kudumu. Kilichobaki huku ni koki yetu tu. Akishaifungua na kutukabidhi mradi, siku hiyo hiyo anapanda basi.

"Hongera," nikasema.

"Asante, Lidwina. Haya, limefika?"

Maji yalikuwa hapo hapo miguuni pangu. Nikasema bado.

Kisha akasema haya, nitakupigia Jumamosi.

Jumamosi! Mjinga mimi, nimefurahi kweli.

Sasa niko kibarazani. Wingu limetanda juu ya Matogoro, jeusi. Chini ya tuta ni shamba la Mzee Gaspari, mahindi yameota juzi. Bwawa haliwezi kubeba mvua ya usiku mmoja. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa. Simu iko magotini, jina lake liko juu, sijabonyeza. Mama anaita niingize nguo. Matone yameanza, makubwa, na mimi —