Maziwa ya Mulei

Sumeya uko? Nimejifungia kwa choo, sitaki mathe anione nikilia.

Unamkumbuka Mulei, yule jamaa aliyetuchungia kuku Kiganjo, hapo Thika, mwaka wa tisini na sita? Chanjo ya kikohozi aliwapa kuku kwa maji ya kunywa, na ilibidi achanganye maziwa ya unga ndio klorini ya maji ya mfereji isiiue hiyo chanjo. Bado kuku mia tatu wakaanza kukoroma, wakafa.

Mathe akasema Mulei alitia hayo maziwa kwa chai yake. Alimsimamisha kwa geti akanusa kikombe chake mbele ya majirani! "Mwizi wa maziwa!" Jamaa akasema tu, "Mama, niliweka yote." Yote, Sume. Hakuna mtu Thika alimpa kazi tena.

Sasa leo napanga sanduku la mathe, napata barua ya maabara ya tisini na saba. Imefunguliwa! Inasema chanjo iliwekwa sawa, ni virusi vilivyobadilisha ile miiba vinayoshikia koo la kuku. Miili ya kuku ilikuwa imefundishwa na chanjo kutambua miiba ya zamani, hii mipya haikuitambua.

Mathe alijua. Miaka yote hii, alijua!

Nimemuuliza mbona hakumwita Mulei. "Angekuja. Halafu ningemwambia nini?"

Kisha akamwagia paka maziwa kwa sahani. Na unajua kila paka wa hii nyumba tumemwita nani tangu wakati huo, tukicheka.

"Mulei! Mulei, kuja unywe."