Kobe Hunusa, Panzi Hunywa

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Wifi hajambo na watoto? Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa kuinamia vitanda vya wajawazito.

Haya, fungua daftari. Gari langu Kobe mwezi uliopita kilomita kumi na tisa kwa lita moja! Nimejaza tangi hadi shingoni na kuandika kama Baba alivyotufundisha enzi zake za lori: hakuna kukisia, hakuna kutia chumvi. Panzi wako je? Bado anakunywa kama ngamia? Magari yametoka kiwanda kimoja, injini ya aina moja, tofauti langu ni la gia za mkono na lako otomatiki, lakini langu linanusa mafuta tu. Hiyo ndiyo raha ya gari lililoendeshwa na Baba kwa upole. Lako lilipita mikono mitano kabla hujalinunua.

Mwezi ujao nina semina ya wakunga, wiki mbili. Nikuachie Kobe umfanyie servisi? Sina fundi mwingine ninayemwamini.

Dada yako


11 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, ila kaka mtu na mdogo wake wanagombania kitanda kila siku. Wifi yako anakusalimu sana.

Umenicheka, basi cheka vizuri: Panzi kumi na mbili. Nimeandika, nimeona aibu, nimefunga daftari. Moshi anaotoa hadi wateja wa gereji wananitania, eti gari la fundi linakohoa kuliko yao. Na kuna kiwanda cha mikate kinatafuta mtu mwenye gari dogo la kusambaza mikate madukani. Meneja akimsikia Panzi anavyonguruma, ananikwepa.

Mlete Kobe. Nitamshika mwenyewe, hakuna mwingine atakayegusa hata boliti moja.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mimi sijambo.

Ulinirudishia Kobe anang'aa, asante. Lakini jamani, ana nini? Kumi na mbili! Nimejaza tangi mara tatu, nimepiga hesabu mara tatu, jibu lile lile. Na ule mlima wa kwenye kituo cha afya anaupanda akihema. Hebu niambie, uligusa nini?

Dada yako


4 Mei

Dada, shikamoo, pole na kazi.

Usijitie wasiwasi. Gari limezeeka, magari ndivyo yalivyo. Halafu usinikasirikie, lakini mguu wako mzito. Vua viatu ukiendesha, uihisi pedali. Na punguza mizigo. Lile dumu la maji la nini humo ndani?

Sasa kaa chini nikwambie. Panzi kumi na nane! Nilimbadilishia plagi na filta, akafufuka. Na kazi ya mikate nimeipata! Baba angekuwepo angenipigia makofi.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Viatu nimevua, dumu nimelishusha. Bado kumi na mbili. Labda kweli ni mguu wangu, uzee huo. Hongera ya Panzi! Nimefurahi hadi nimewasomea wenzangu barua yako kazini.

Dada yako


9 Julai

Mdogo wangu,

Hamjambo? Leo salamu zitakuwa fupi.

Alhamisi niliitwa kwa mjamzito ng'ambo ya mlima. Kobe akachemka katikati ya mlima, na maji sina, dumu nililishusha kama ulivyoniambia. Nikavaa viatu, nikabeba begi, nikaenda kwa miguu. Kufika, mtoto ameshapokelewa na bibi yake na mama anavuja damu. Ameponea tundu la sindano.

Jana nikampeleka Kobe kwenye ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi akafunua boneti, akasoma namba, akatazama kadi ya gari, akasoma tena. "Mama, injini hii siyo ya gari hili." Nikambishia! Nikamwambia mbele ya watu kwamba gari hili linashikwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Kisha nikaketi garini, nikafungua daftari. Kabla ya semina, Kobe kumi na tisa, Panzi kumi na mbili. Baada ya semina, Kobe kumi na mbili, Panzi kumi na nane.

Injini uliweza kuiiba, daftari la Baba ukashindwa kulidanganya. Mimi ndiye uliyeweza kunidanganya. Ukaniandikia kwa macho makavu kwamba mguu wangu mzito, nami nimeendesha pekupeku miezi miwili kama zuzu! Roho inaniuma, mdogo wangu. Nataka nisikie kutoka kwako mwenyewe.

Dada yako


15 Julai

Dada, shikamoo.

Ni kweli. Nilipomfungua Kobe, injini ilikuwa safi kama sahani. Panzi amelala pembeni, na meneja alinipa hadi Jumatatu. Nikajiambia safari zako ni fupi, hutatambua. Ya mjamzito sikuyawazia kabisa, naapa.

Ningekuomba, ungenipa. Najua. Lakini tangu utoto mimi ni wa kupewa na wewe, nikachoka kuomba. Siku ya kuandika nilishika kalamu niandike Panzi bado ni kumi na mbili, mkono ukakataa.

Nitairudisha. Njoo nyumbani, wifi yako atapika, tuongee. Nisamehe, Dada.

Mdogo wako


2 Agosti

Fundi,

Gari litafika gerejini Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitakaa kwenye benchi la wateja hadi umalize. Chai usiniagizie, na nyumbani kwako sitapita. Kabla sijaondoka utafunua boneti, niisome namba ya injini kwa macho yangu, niilinganishe na kadi.

Kilomita zangu sitakuandikia tena.

Mteja